Mwanga Unaokaa: Maada Bapa na Kumbukumbu ya Mashine

 

Kusudi langu leo ni moja. Kuna jamii ya maada, maada bapa, zenye unene wa atomi chache tu ambazo ukizimulika, umeme unaopita ndani yake hubadilika. Na mara nyingi taa ikizimwa, badiliko lile hukaa. Watafiti wa mwanzo walitaka vihisio vya mwanga vyenye kasi, kwa hiyo kukaa huko walikuona kama ugonjwa. Mimi nitadai kwamba thamani kubwa ya maada hizi iko hapo hapo, na kwamba nafasi yake ya kwanza katika elektroniki itakuwa kwenye jicho la mashine, kabla ya ubongo wake. Nina hoja nne. Ya pili ni ndefu kuliko zote, nanyi mtaniwia radhi.

1. Wembamba hubadili tabia ya maada

Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani hutoka shimoni wakiwa weusi tii, kwa sababu miamba inayobeba tanzanaiti imejaa kinywe. Kinywe ni kaboni iliyopangika katika matabaka. Ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana kwa nguvu kubwa sana, lakini tabaka na tabaka hushikana kwa unyonge, hivyo ukisugua kidogo tu yanateleza na kubanduka. Weusi ule unaoganda kwenye ngozi ya mchimbaji, sawa na ule unaobaki kwenye karatasi penseli inapopita, ni mabanzi ya matabaka hayo.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitangaza kwamba wamebandua kinywe kwa selotepu, tena na tena, mpaka wakapata tabaka moja peke yake, la unene wa atomi moja. Tabaka hilo ndilo grafini, nao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Miaka michache baada ya ugunduzi wenyewe ilipimwa kwamba tabaka hilo moja humeza asilimia 2.3 ya mwanga unaolipitia. Msiione ndogo. Kwa kitu chenye unene wa atomi moja, hiyo ni nyingi kiasi kwamba jicho la binadamu linaweza kuona kivuli chake.

Tatizo la grafini ni kwamba haina pengo la nishati. Naomba niwatolee mfano mmoja kwa wasiosoma fizikia. Elektroni katika semikondakta iko ng'ambo moja ya mtaro, na ili ibebe umeme lazima iruke ng'ambo ya pili. Mwanga ndio unaoipa nguvu ya kuruka. Upana wa mtaro ndio pengo la nishati: mtaro mwembamba hurukwa hata kwa mwanga dhaifu wa infraredi, mpana unadai mwanga wa bluu. Grafini haina mtaro kabisa. Elektroni zake hupita wakati wote, kwa hiyo huwezi kuizima, na kifaa kisichozimika hakifai kuwa swichi.

Maada iliyokuja kuziba nafasi hiyo mafundi wa magari wanaijua bila kujua jina lake. Ile grisi nyeusi inayopakwa kwenye viungio vya ekseli ya mbele mara nyingi huwa na molibdeni disulfidi. Nayo ni ya matabaka: shuka la atomi za molibdeni limebanwa katikati ya mashuka mawili ya salfa, na tabaka zima lina unene wa takribani nanometa 0.65. Hulainisha chuma kwa sababu ile ile inayofanya penseli iandike.

Mwaka 2010 vikundi viwili vya watafiti wa Marekani vilionyesha jambo ambalo hadi leo linanisisimua kila ninapolifundisha. Bonge la molibdeni disulfidi lina pengo la elektronivolti 1.3 hivi, tena la mshazari: ng'ambo ya pili ya mtaro haiko mkabala na elektroni, hivyo nguvu ya mwanga peke yake haitoshi, inahitaji pia kusukumwa pembeni na mtikisiko wa atomi. Ukilipunguza mpaka libaki tabaka moja, pengo linapanda hadi karibu elektronivolti 1.9 na ng'ambo zinakaa mkabala. Uwezo wa tabaka hilo wa kutoa mwanga ulizidi ule wa bonge kwa zaidi ya mara 10,000. Hakuna kemikali iliyoongezwa. Ni atomi zile zile, matabaka tu yamepunguzwa.

Silikoni haiwezi hivyo. Ukiinyoa mpaka ibaki nanometa chache, uso wake unakuwa na mikwaruzo na atomi zilizokatwa viungo, na elektroni zinagongagonga humo na kupoteza mwendo. Tabaka la molibdeni disulfidi limekamilika juu na chini, halina kiungo kilichokatwa. Mwaka 2011 kikundi cha Andras Kis, huko Lausanne, Uswisi, kilitengeneza transista ya tabaka moja ambayo mkondo wake ikiwa imewashwa ulizidi ule wa ikiwa imezimwa kwa mara milioni 100. Hapo watu wa elektroniki wakaanza kusikiliza.

2. Kukaa kwa mwanga, kulikodhaniwa ni kasoro

Transista ilikwishapatikana, basi ikamulikwa. Mwaka 2012 watafiti wa Singapore walipima transista ya tabaka moja la molibdeni disulfidi wakapata miliampea 7.5 kwa kila wati ya mwanga. Mwaka uliofuata kikundi cha Lausanne kikapata ampea 880 kwa wati, ongezeko la zaidi ya mara 100,000. Lakini kifaa hicho chenye hisia kali kilikuwa goigoi: mwanga ukikatwa, mkondo ulichukua sekunde kadhaa kushuka. Kamera ya aina hiyo ingekuonyesha mpira ukiwa golini wakati kipa ameshaudaka na kuupiga mbele.

Kwa nini? Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikimezwa, elektroni huruka na kuacha tundu lenye chaji chanya. Kwa kawaida viwili hivyo hurudiana haraka na mambo yakaisha. Ila katika maada nyembamba namna hii, kila kitu kiko karibu na uso. Mahali ambapo atomi ya salfa imekosekana, molekuli ya maji iliyonata juu, dosari kwenye oksidi iliyo chini: vyote vinaweza kulinasa tundu. Likishanaswa, chaji yake chanya huvuta elektroni kutoka kwenye nyaya na kuziingiza kwenye tabaka, kazi ile ile inayofanywa na geti la transista likipewa volti chanya. Mkondo hupanda, na utabaki juu mpaka tundu liachiliwe.

Hapa najua kuna mwanafunzi anajiuliza: ampea 880 kwa wati moja, umeme huo umetoka wapi? Swali ni zuri. Mwanga uliotumika Lausanne ulikuwa wa nanometa 561, na kwa mwanga huo, kama kila fotoni ingetoa elektroni moja, tungepata chini ya nusu ampea kwa wati. Zilizobaki zimetoka kwenye betri. Fotoni haikuziumba, imeweka chaji moja mahali pake, na muda wote chaji hiyo ikiwa imenaswa, elektroni za betri zimepita kwa maelfu. Kwa hiyo hisia kali na ugoigoi ni kitu kimoja kinachopimwa kwa njia mbili. Mkisoma taarifa inayojisifia namba kubwa ya ampea kwa wati, tafuteni mara moja ilichukua muda gani kushuka.

Mwaka huo huo wa 2013 watafiti wa Taasisi ya Sayansi ya India, Bangalore, waliamua kukubaliana na ugoigoi badala ya kupambana nao. Walilaza grafini juu ya molibdeni disulfidi. Kila moja ikapewa kazi inayoiweza: ya chini kumeza mwanga, ya juu kubeba umeme. Mwanga ulipoingia, volti ya geti ilizisukuma elektroni zihamie kwenye grafini, na matundu yakabaki yamenaswa chini. Hisia yake ilifika ampea milioni 500 kwa wati katika joto la kawaida la chumba, na bilioni 10 katika kelvini 130, yaani nyuzi 143 chini ya sifuri ya Selsiasi. Lakini namba hizo sizo zilizonifanya niisome makala ile mara nyingi. Walizima taa wakasubiri. Ukinzani wa grafini ukakaa pale pale mwanga ulipouacha, bila kushuka kwa kiasi cha kupimika katika muda wa jaribio. Kisha wakatuma mpigo wa volti kwenye geti, elektroni zikarudi chini kukutana na matundu, na kifaa kikawa kama hakijawahi kuona mwanga. Mwanga umeandika, umeme umefuta.

Nimekuja na kitu kidogo, nitakipitisha kuanzia safu ya mbele, naomba kirudi. Ni chipu ya zamani ya kumbukumbu yenye kidirisha cha duara juu yake. Mafundi wenye umri wangu mtaikumbuka: ni EPROM. Ilibuniwa na Dov Frohman wa kampuni ya Intel, ikatoka mwaka 1971. Ndani yake kuna geti linaloelea, lililozungukwa na kihami pande zote, wazo la Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs la mwaka 1967. Chaji ikiingizwa humo kwa umeme, haina njia ya kutoka. Ukitaka kufuta, unaiweka chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika 20 hivi. Mwanga unapita kwenye kidirisha cha kwazi, unaipa elektroni nguvu ya kuruka kihami, na kumbukumbu yote inafutika. Ndiyo maana mafundi walibandika karatasi juu ya kidirisha, jua lisije likaharibu kazi. Mtaona gundi yake bado ipo.

Nawaonyesha hii kwa sababu mwanga na kumbukumbu ni jamaa wa siku nyingi. Lakini kwa EPROM mwanga ulikuwa wa kufuta tu, tena chipu nzima kwa mkupuo, na flashi mlizonazo mifukoni haziuhitaji kabisa. Kifaa cha Bangalore kimegeuza mambo: mwanga wenyewe ndio habari inayoandikwa.

Na habari hiyo si lazima iwe ya ndiyo au hapana. Mwaka 2018 ilionyeshwa kumbukumbu iliyojengwa kwa tangsteni diselenidi juu ya boroni nitridi, ambayo ni kihami cha matabaka. Kila mpigo wa mwanga uliongeza kidogo chaji iliyobaki ndani ya boroni nitridi, na kifaa kiliweza kukaa katika hali 128 zinazotofautika, sawa na biti 7 katika kifaa kimoja. Maana yake ni kwamba nukta moja ya picha inaweza kukumbuka ilimulikwa kiasi gani, na kubaki nayo gizani. Tazameni pia jambo lililo muhimu zaidi kwangu: hapa chaji imenaswa ndani ya tabaka lililochaguliwa kwa kazi hiyo. Haikutegemea maji yaliyonata au dosari iliyotokea kwa bahati. Kunasa kwa bahati hakuna mtu atakayekununua kiwandani. Kunasa kwa mpango kunaweza kununuliwa, na kutoka kule kwa kwanza hadi kule kwa pili ndiko taaluma hii iliko kwa sasa.

3. Kuona na kukumbuka mahali pamoja

Kati ya mwaka 2010 na 2013 mradi wa Snapshot Serengeti ulikuwa na kamera 225 zilizofungwa porini katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Zilipiga seti za picha milioni 1.2. Zilizokuwa na wanyama zilikuwa 322,653, yaani takribani robo. Nyingine nyingi zilikuwa nyasi zilizopeperushwa na upepo, au joto la mchana lililoidanganya kamera. Kila moja ilipigwa, ikahamishwa kutoka kwenye kihisio hadi kwenye kadi, ikachukuliwa na mtu, ikafika kwenye kompyuta, ikaangaliwa na watu wa kujitolea. Betri, kadi na macho ya watu vilitumika kuhifadhi nyasi.

Hiyo ndiyo hali ya karibu kila kamera duniani. Kihisio kinaona lakini hakikumbuki, kumbukumbu inakumbuka lakini haioni, na prosesa iko mahali pa tatu. Katika kompyuta za leo, kusafirisha namba kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye prosesa mara nyingi hugharimu nishati kubwa kuliko kuikokotoa. Jicho la binadamu halikujengwa hivyo. Retina ina seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, lakini neva ya jicho ina nyuzi kama milioni moja tu. Kwa hiyo retina huchambua kabla ya kutuma. Ingekuwa inatuma kila kitu, kichwa chetu kisingetosha.

Mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna, kikundi cha Thomas Mueller kilijenga kihisio cha aina hiyo kwa tangsteni diselenidi. Kilikuwa kidogo mno: nukta 9 za picha, kila nukta ikiwa na vipokezi 3, jumla 27. Kila kipokezi kilikuwa na jozi ya mageti ya kurekebisha hisia yake, kuongeza, kupunguza, hata kuigeuza kuwa hasi. Hisia hizo zilifundishwa kama inavyofundishwa akili unde. Kisha walikirushia picha za herufi n, v na z. Mikondo ya vipokezi ikajumlishwa yenyewe kwenye nyaya, na jibu likatoka ndani ya nanosekunde 50 hivi. Hakuna picha iliyohifadhiwa popote, wala prosesa iliyofanya hesabu. Kuona kwenyewe kulikuwa ndiyo hesabu.

Nalisifu jaribio hili kwa moyo wote, na bado lina upungufu ambao hoja yangu inauhitaji. Kile ambacho kihisio kilikuwa kimefundishwa kilishikiliwa na volti kutoka nje. Ukikata umeme, kinasahau kila kitu. Kwa maneno mengine, jicho la Vienna lilikuwa na akili lakini halikuwa na kumbukumbu, ilhali kifaa cha Bangalore kilikuwa na kumbukumbu bila akili. Daraja kati ya viwili hivyo linajengwa. Mwaka 2020 Lausanne walitumia molibdeni disulfidi na geti linaloelea, wazo lile lile la mwaka 1967, kutengeneza saketi zinazofanya mantiki na kukumbuka papo hapo; mwaka 2023 wakafikisha vifaa 1,024 kwenye chipu moja ya kuzidisha namba. Mkiunganisha hayo matatu, mtapata kamera ya porini ambayo imefundishwa simba, pundamila na nyumbu, inayokaa miezi bila kuamka kwa ajili ya nyasi.

4. Kinachotuchelewesha

Hapa nitakwenda haraka, ingawa mhandisi angeweza kuzungumza usiku kucha. Kubandua kwa selotepu kunatoa mabanzi ya mikromita kadhaa, mazuri kwa makala, bure kwa kiwanda. Dawa yake ni kuotesha tabaka kutoka kwenye mvuke juu ya sahani nzima ya silikoni. Mwaka 2015 kikundi cha Chuo Kikuu cha Cornell kilifunika hivyo sahani ya inchi 4. Boroni nitridi iliyo safi kuliko zote, inayotumiwa na maabara za dunia nzima, kwa miaka mingi imetegemea mashinikizo makubwa ya Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe huko Tsukuba, Japani. Kuunganisha waya wa chuma na tabaka la atomi tatu kulikuwa kunapoteza umeme mwingi, mpaka mwaka 2021 ilipoonyeshwa kwamba bismuthi hugusana nalo vizuri zaidi. Na fosforasi nyeusi, ambayo inasifiwa sana kwa mwanga wa infraredi, huharibiwa na hewa ya kawaida.

Zito kuliko yote ni kufanana. Kumbukumbu yenye hali 128 ina maana tu kama kifaa cha kwanza na cha milioni moja vinaelewa hali hizo kwa namna moja. Kwa vifaa vinavyotegemea chaji iliyonaswa, tofauti ndogo ya usafi wa uso huhamisha kila kitu.

Hata hivyo mwendo upo. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, kilitangaza prosesa ya biti 32 yenye transista 5,900 za molibdeni disulfidi. Prosesa ya silikoni ya leo ina mabilioni. Lakini prosesa ya Intel 4004, iliyotoka mwaka ule ule wa EPROM, ilikuwa na 2,300 hivi. Simaanishi kwamba maada bapa zitaifukuza silikoni, na sipendi kusikia ikisemwa hivyo. Silikoni itabaki chini ikifanya hesabu nzito, na maada hizi zitalazwa juu yake zikiona na kukumbuka. Kwa kuwa hushikana na chochote bila kudai atomi zilingane, kulazwa juu ni jambo zinaloliweza kuliko maada nyingine.

Tunakoelekea

Sasa kuhusu sisi. Tanzania ina kinywe kingi, Mahenge na Ruangwa, na soko lake kubwa linalotazamiwa ni betri. Kuwa na kinywe hakutuingizi katika taaluma hii, kwani kiasi kinachohitajika maabara ni kidogo sana. Kinachotuingiza ni mikono iliyozoea kazi. Ukiwa na kinywe cha matabaka makubwa, selotepu, hadubini ya kawaida ya mwanga na kipande cha silikoni chenye oksidi ya nanometa 300, unaweza kuona grafini ya tabaka moja kwa macho yako, kwa sababu oksidi ya unene huo hulifanya tabaka litofautike kwa rangi. Ningependa kila idara ya fizikia katika ukanda wetu iwe na zoezi hilo kwa mwaka wa tatu. Baada ya hapo, vyuo vichange fedha vijenge chumba safi kimoja cha pamoja, kuliko kila kimoja kusubiri chake. Na wanafunzi wa kompyuta waanze sasa kuandika programu za kufundisha kihisio chenye nukta chache. Kazi hiyo haihitaji tabaka lolote, na wanyama wa kuifundishia wapo kwenye picha za Serengeti.

Natarajia kuona vifaa hivi kwanza vikiwa vidogo, vya nukta elfu chache, vikilinda kitu kimoja tu: mlango, mtambo, njia ya wanyama. Na habari zake zitakuja kwa kishindo, kama zinavyokuja za betri kila mwezi. Zikija, ulizeni mambo matatu. Kumbukumbu ilikaa muda gani katika joto la kawaida? Iliandikwa na kufutwa mara ngapi kabla ya kuchoka? Na katika vifaa vyote vilivyotengenezwa, vingapi vilifanya kazi? Swali la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, na kwa miaka ijayo ndilo nitakalokuwa nalifuatilia kuliko yote.